Tone lilikuwa hapa, tundu liko kule

Nakodisha viti na mikeka ya harusi hapa Kisauni, na vyote hukaa kwenye banda la mabati uani. Masika yalinipata vibaya: mikeka kumi na miwili iliota ukungu. Tone lilikuwa likianguka pale pale, na kila likianguka fundi alipanda akapaka lami juu yake. Mara tatu. Lami ikipigwa na jua letu hili siku chache hupasuka, tukawa tunarudi tulikoanza.

Mara ya nne nikamwambia apumzike. Saa saba mchana nilijifungia ndani, mwanya wa mlango nikauziba kwa gunia. Ndani ya giza lile matundu yakajionyesha, saba kwa hesabu, na hakuna hata moja lililokuwa juu ya mikeka! Nikayazungushia chaki.

Ikabaki kujua lipi linalonitesa. Mfereji ulikuwa mkavu siku ya tatu (mtu wa Kisauni hashangai), basi nikanunua mitungi miwili ya lita 20 kwa mwenye mkokoteni. Mwanangu akapanda ngazi na jagi, mimi nikabaki ndani na tochi. Tulianza chini ya mteremko tukipanda, kwa sababu ukianza juu maji hushuka yakalowesha matundu yote, usijue mwenye kosa ni nani.

"Baba, hapa?"

"Bado. Panda."

"Na hapa?"

Hapo nikaona. Maji yaliingilia kwenye msumari wa juu kabisa, yakashika boriti ya mkoko, yakatambaa chini ya tumbo lake kama hatua tatu mpaka kwenye fundo la mti, ndipo yakadondoka. Siku zote tulikuwa tukilipaka lami fundo!

Msumari wenyewe ulipigwa bondeni mwa bati, maji yanakopita, badala ya mgongoni. Raba ya chini ya kichwa chake ilikauka hata nilipoifinya ikavunjika vipande, na chumvi ya bahari ilishaanza kula ukingo wa tundu. Niling'oa misumari ya matundu yote saba, nikitanguliza kibao chini ya nyundo nisilibonyeze bati. Matundu nikayafunika kwa viraka vya bati, lami ikiwa chini ya kiraka, isionane na jua. Misumari mipya nikaipiga mgongoni na raba mpya, nikakoma raba ilipokaa sawa. Ukiiponda sana hupasuka.

Kosa moja limebaki. Aliyeezeka alilaza bati juu ya bati mdomo ukielekea kusi, kwa hiyo upepo wa kusi husukuma mvua ndani. Hapo pana lami kwa sasa. Nitafumua upande ule kaskazi ikiingia.

Juzi alfajiri tone likaniangukia shingoni, na usiku hakukunyesha. Moyo ulinipasuka. Kupitisha kiganja chini ya bati, lote lilikuwa limelowa: jasho tu. Nikalitoa lile gunia mlangoni, nililokuwa nimelisahau.