Cherehani yangu iliruka mshono, muuzaji akagoma kuniuzia kifaa

Wiki nzima cherehani iliruka mshono. Khanga ilishona vizuri, lakini nikiweka kitambaa cha fulana, kile kinachovutika, inashika mishono mitatu inaacha mmoja. Nimebadili uzi, nimelegeza na kukaza, nimepaka mafuta mpaka yakachafua kitambaa cha mteja (huyo nilimlipa). Nikajiaminisha kasha la bobini (kile kikopo kinachoshika uzi wa chini) limekufa, nikapanda daladala hadi Kariakoo.

Kijana wa dukani hakukimbilia rafu. "Dada, unashona nini?" Nikamtolea kipande mkobani. Akakivuta huku na huku, kisha akaomba sindano niliyoifungia kwenye karatasi. Akaipitisha ncha yake kwenye ukucha wa kidole gumba.

"Hii ni ya vitambaa vya kawaida. Fulana inataka yenye ncha ya mviringo, ipenye katikati ya nyuzi bila kuzitoboa."

"Na kasha?"

"Kasha la nini? Kajaribu hii kwanza. Ikikataa, rudi."

Akanipa pakiti ya sindano za ncha hiyo, saizi 90/14, akahakikisha shina, ile sehemu ya juu inayoingia kwenye mashine, lina upande bapa kama la zamani, maana za mashine za viwandani ni za duara na zisingeingia. Bei haikufika hata robo ya kasha.

Jioni nikashona mkono wa fulana kwa taratibu. Hata mshono mmoja haukuruka. Kesho yake nilimpigia kumshukuru, akacheka: "Sasa dada, usisahau kuibadilisha, sindano nayo huchoka."