Siku Moja Maishani Mwangu: Darasa la Nne, Chupa ya Mvua na Wiki ya Mwisho ya Muhula

Saa 11 na nusu alfajiri, mwishoni mwa Mei, Rungwe huwa bado imefunikwa na ukungu, na mtu wa Dar es Salaam akifikishwa hapa ghafla ataomba blanketi la pili kabla ya kuomba chai. Mimi ni mwalimu wa Darasa la Nne katika shule ya msingi iliyoko kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, upande wa Tukuyu. Siku ninayoieleza ni Alhamisi ya wiki ya mwisho ya muhula wa kwanza, wiki ambayo walimu wengi huitumia kujumlisha alama na kujaza ripoti za maendeleo. Pamoja na kazi hiyo nilikuwa na jambo jingine: mchana wa siku hiyo wanafunzi wangu walitakiwa kuwaeleza wazazi na wajumbe wa kamati ya shule kazi waliyokuwa wakiifanya tangu shule ilipofunguliwa Januari.

Nilikunywa chai, nikasahihisha madaftari machache yaliyokuwa yamelala mezani, na ilipofika saa 1 na robo nilikuwa tayari getini, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Mvua ya usiku ilikuwa imeacha utelezi kwenye njia inayopita kando ya mashamba ya chai, na watoto wengi walifika wakiwa wamebeba viatu mkononi. Usafi wa mazingira ulifanyika kama kawaida: wengine walifagia, wengine wakazoa majani ya migomba yaliyoangushwa na upepo, na viranja wakapiga kelele nyingi kuliko kazi waliyoifanya wenyewe.

Saa 2 kasoro dakika 20 kengele ililia, wanafunzi wakakaa mstarini. Baada ya wimbo wa taifa hufuata taarifa ya hali ya hewa, ambayo tangu mwanzo wa muhula imekuwa kazi ya darasa langu. Wanafunzi wawili waliopima mvua jana yake husimama mbele ya shule nzima na kusoma sentensi nne au tano walizoziandika wenyewe: kiasi cha mvua, hali ya mawingu, upande ambao upepo ulitokea, na ushauri kwa wanafunzi wanaovuka mito. Asubuhi hiyo msomaji alikuwa kijana ambaye Januari alikuwa akisoma silabi kwa silabi, kidole kikiwa kimebandikwa kwenye kila herufi, na ambaye kila nilipomwita asome kitabuni alikuwa akiinamisha kichwa mpaka nimpite. Hakupenda kusoma hadithi za kitabuni, lakini alipoona jina lake limekaribia kwenye orodha ya zamu za mstarini, alianza kunifuata ofisini wakati wa mapumziko akiomba nimsikilize. Siku hii alisoma taarifa yake yote akikwama mahali pamoja tu, kwenye neno “kusini-mashariki”, akarudia, akamaliza. Wanafunzi wa Darasa la Saba walimpigia makofi bila kuambiwa na mtu.

Saa 2 kamili tuliingia darasani. Mahudhurio huchukua muda kidogo kwa sababu darasa lina wanafunzi zaidi ya 50, na baada ya kuyafunga huwa naandika idadi ya waliofika pembeni mwa chati ya mvua iliyobandikwa ukutani. Jambo hilo walilipendekeza wanafunzi wenyewe mwezi Machi, na chati imetuonyesha bila ubishi kwamba mahudhurio hushuka katika siku ambazo mvua hunyesha alfajiri, wakati mvua kubwa za jioni na usiku wa mapema hazizuii watoto kufika. Wanaokosekana karibu wote hutoka ng’ambo ya mto. Nilipeleka chati hiyo kwa mwalimu mkuu, na tangu hapo mtoto wa upande ule akichelewa baada ya mvua ya alfajiri hasimamishwi getini.

Vipindi viwili vya kwanza vilikuwa vya Hisabati, kila kimoja dakika 40, na ratiba hii inatufaa kwa kuwa katikati ya kipindi cha pili inafika saa 3 asubuhi, ambayo ndiyo saa vituo vya kupimia mvua nchini husoma vipimo vyao. Saa hiyo ikifika, wanafunzi wawili wa zamu hutoka kwenda kwenye kipimo chetu na sisi huwasubiri.

Kipimo chenyewe ni chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Tuliikata sehemu ya juu, tukaigeuza na kuipachika ndani ya chupa kama faneli ili maji yasipotee kwa jua, tukaweka kokoto chini isiangushwe na upepo, kisha tukamimina maji mpaka yakapita kokoto na ile sehemu yenye mikunjo, na hapo ndipo tukaweka alama ya sifuri. Rula imebandikwa ubavuni kwa solotepu, sifuri yake ikilingana na alama hiyo. Chupa imekaa mahali pa wazi, mbali na mti na paa, na imezungushiwa uzio wa fito kwa ajili ya mbuzi wa jirani, ambao mwezi Februari walitunyima vipimo vya siku kadhaa. Anayesoma hupiga goti mpaka jicho lake lilingane na usawa wa maji, na mwenzake hupiga goti baada yake bila kuambiwa jibu la kwanza. Wakitofautiana, wanasoma upya wote wawili. Sheria hiyo ya kusoma mara mbili ndiyo ninayoithamini kuliko chupa yenyewe.

Siku hiyo walirudi na milimita 12. Nikaandika ubaoni, na darasa likaanza kazi wanayoifahamu: paa la darasa letu hufunika mita 11 kwa 8, yaani mita za mraba 88, na kila milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Hili la mwisho hawakulipokea kwa sababu tu mwalimu amesema. Tulitengeneza fremu ya mbao ya mita 1 kwa mita 1, tukaiweka kwenye sakafu ya saruji, tukatandika nailoni, tukamimina lita 10, na rula ikasoma sentimita 1, ingawa upande mmoja maji yalizidi kidogo kwa kuwa sakafu yetu imeinama. Basi 88 mara 12 ni lita 1,056. Ukigawa kwa ndoo ya lita 20 unapata ndoo 52 na lita 16 zinabaki. Zamani zoezi la kugawanya lenye baki lilikuwa likiwasumbua kwa sababu hawakuona baki ni la nini. Sasa wanabishana kama lita 16 zihesabiwe kuwa ndoo au zisihesabiwe.

Hapa lazima nimtaje binti mmoja anayekaa dawati la nyuma, ambaye alama zake za Hisabati ni za wastani tu. Mwezi Aprili, tulipokuwa tukijiandaa kupima paa, aliuliza: “Mwalimu, bati limelala upande. Tukilipima juu ya bati tutapata refu kuliko tukipima chini. Mvua inafuata lipi?” Wenzake walicheka, nami niliwaomba wanyamaze, kwani hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa muhula huu. Tulichukua daftari kubwa, wawili wakalishika juu kidogo ya sakafu, nami nikapukuta unga wa chaki kutoka juu kwa kutumia kitambaa. Tulipoliondoa daftari, chini palibaki mstatili usio na chaki. Tulirudia huku daftari likiwa limeinamishwa, na mstatili ukawa mwembamba zaidi, wakati daftari ni lile lile. Binti akasema tupime chini, na ndivyo tulivyofanya, tukipima ardhi iliyofunikwa na paa pamoja na vibaraza.

Saa 4 ilikuwa mapumziko na uji. Ofisini, mwalimu mwenzangu alinitania kama kawaida yake, akiuliza iwapo Baraza la Mitihani litaleta swali la chupa kwenye Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne mwishoni mwa mwaka. Nilimjibu kwamba litaleta maswali ya eneo, kuzidisha, kugawanya na kusoma chati, na hayo ndiyo tunayoyafanya kila siku saa 3. Hata hivyo hoja yake ina uzito kwa upande mmoja. Somo la Kiingereza bado linatuelemea, chupa ya mvua haikulisaidia kwa lolote, na katika muhula ujao itanibidi niongeze muda wa kusoma kwa sauti katika somo hilo.

Kuanzia saa 4 na nusu tulikuwa na Kiswahili, tukasahihisha maelezo yatakayosomwa mbele ya wazazi. Nilisisitiza jambo moja tu, kwamba kila sentensi yenye namba iseme namba hiyo imepatikanaje. Sayansi ilifuata, nasi tukaenda nyuma ya darasa kwenye kitalu cha parachichi. Huko kuna viriba walivyopanda mbegu kwa namna mbili, nyingine ncha ikiwa juu kama inavyopaswa na nyingine zikiwa zimepinduliwa makusudi. Zilizopandwa sawasawa zimetoka zikiwa zimenyooka, wakati kati ya zile zilizopinduliwa baadhi hazijaota na nyingine zimetoa shina lililojipinda kutafuta njia ya juu. Kwa watoto ambao wengi wao nyumbani kuna miti ya parachichi, somo hili halikuhitaji maneno mengi.

Chakula cha mchana kilikuwa makande, yaliyotokana na mahindi na maharage wanayochanga wazazi.

Saa 8 wageni walifika. Tulitarajia wachache kwa sababu ni majira ya kazi shambani, lakini walijaza madawati ya mbele yote na wengine wakasimama mlangoni. Wanafunzi waliwaamkia, kisha wakaeleza kipimo, chati na hesabu ya paa kwa kupokezana. Nilikaa nyuma na kujizuia kusema. Mzee mmoja wa kamati, anayeheshimika sana kijijini, aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: “Wajukuu zangu, tukiweka gata na tanki la lita 5,000, maji yatatufikisha wapi kiangazi?”

Swali hilo halikuwa kwenye maandalizi. Kukawa na minong’ono, kisha kiongozi wa darasa akaenda ubaoni. Alijua kwamba lita 5,000 ni ndoo 250, na wenzake wakamkumbusha kwamba shule hutumia ndoo 15 kwa siku, idadi waliyoipata kwa kuwahesabu wachotaji wa kisimani kwa wiki nzima. Akagawa, akapata siku 16 na ndoo 10 zikabaki. Akageuka akasema, “Shikamoo babu. Hayatoshi. Mvua ikikoma sasa, mwezi wa sita hauishi.” Watu wakacheka, na mzee akaitikia marahaba huku akitikisa kichwa kwa kuridhika. Msichana mwingine akaongeza kwamba kama maji ya tanki yatakuwa ya kunawia mikono chooni peke yake, ambako hutumika ndoo 3 kwa siku, yatafika siku 83. Mama mmoja akauliza kuhusu uchafu wa bati, naye akajibiwa kwamba maji ya mvua ya kwanza huachwa yapite kwa sababu huosha vumbi na kinyesi cha ndege.

Mazungumzo ya watu wazima yaliyofuata yalikuwa marefu, na sehemu kubwa yalihusu nani atoe nini. Tanki halikupatiwa jibu, kwani bei yake ni kubwa na wengine walitaka liombwe kwanza halmashauri. Kilichokubaliwa ni gata kwa vyumba viwili vya madarasa, fundi akiwa ni mmoja wa wazazi, na mapipa ya kuanzia yatafutwe kabla mvua hazijarudi Novemba. Mimi nimeridhika na uamuzi huo, kwa kuwa umefuata hesabu iliyokuwa ubaoni, na kwa sababu wanafunzi waliona watu wazima wakiitumia kazi yao kujadiliana.

Baada ya saa 9 na nusu uwanja uliachiwa michezo. Wanafunzi wangu wawili wamo katika timu ya riadha ya shule inayojiandaa kwa UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, na nilisimama nao kidogo nikihesabu muda kwa simu, mpaka ukungu ulipoanza kushuka tena na mwalimu wa michezo akawaruhusu.

Jioni niliketi na ripoti. Fomu ina nafasi ya alama, wastani, nafasi ya mwanafunzi darasani na mstari mmoja wa maoni ya mwalimu wa darasa, mstari ambao kwa kawaida hujazwa maneno kama “ongeza bidii”. Kwa yule kijana wa mstarini niliandika kwamba sasa anasoma taarifa mbele ya hadhara bila kusaidiwa, na kwamba nyumbani apewe cha kusoma, hata kama ni karatasi ya maelekezo ya dawa ya mifugo. Kwa binti wa dawati la nyuma maoni yalizidi mstari, nikalazimika kugeuza karatasi na kuendelea upande wa pili, nikieleza swali lake la bati na namna lilivyobadilisha kipimo chetu. Ripoti hizo zitakwenda kwa mwalimu mkuu kesho asubuhi zipigwe mhuri. Kabla ya kulala nilipanga pia zamu za likizo, kwa sababu wanafunzi wanne wanaoishi karibu na shule wamejitolea kuendelea kusoma chupa kila saa 3, na mzazi wa mmoja wao ameomba aonyeshwe namna ya kuisoma.