Siku mafuta ya nazi yaliponigandia kichwani

Mama yangu yuko Pangani, na kila baada ya miezi michache hunitumia mafuta ya nazi kwa basi, kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyozungushiwa selotepu mdomoni. Anayapika mwenyewe. Anakuna nazi, anakamua tui zito, analichemsha mpaka maji yakauke, mafuta yaelee na mashapo ya kahawia yabaki chini. Yananukia kashata. Ukiyapaka ukapanda daladala, watu wanageuka kutafuta nani kabeba vitafunwa.

Nywele zangu ni kipilipili, niliacha kuweka dawa miaka kadhaa iliyopita, na muda wote huo niliamini zina tatizo moja tu, ukavu, na ukavu unaondoka kwa mafuta. Kwa hiyo Ijumaa moja ya mwezi wa saba, kesho yake kuna harusi ya binamu yangu hapa Dar, nikaamua kuzifanyia kazi ya nguvu. Nilichanganya mafuta ya mama na mafuta ya nyonyo, kikombe cha chai kizima, nikajimwagia utosini mpaka yakawa yananichuruzika shingoni. Nikavaa kofia ya plastiki, nikafunga kanga juu, nikalala kama malkia.

Saa kumi na moja alfajiri niko bafuni. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na mwezi wa saba saa ile yanauma. Shampuu imeisha. Nikaangaza macho, nikaona kipande cha sabuni ya mche cha kufulia. Nikajiambia sabuni ni sabuni.

Nilisugua mpaka mikono ikachoka. Povu halikuja, kilichokuja ni kitu kama maziwa yaliyokatika. Nikaongeza sabuni, nikaongeza maji, na kadiri nilivyoongeza ndivyo nywele zilivyozidi kuwa kama zimepakwa mshumaa. Chini ya kucha palikuwa na uji mweupe. Nilipochukua chanuo nijaribu kisogoni, liliingia, halikutoka. Nikakaa kwenye ndoo na chanuo limening'inia kichwani, nikaanza kulia. Mtu mzima kabisa.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, msusi, ambaye wote pale uani tunamwita Da Mkubwa. Hakucheka, au alicheka kabla hajafika mlangoni. Alishika fundo moja la nywele, akalisugua kati ya vidole viwili, akanionyesha utando mweupe uliobaki.

"Umeoshea nini, mdogo wangu?"

Nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

Alinieleza huku anafanya kazi, na mengine nimeyaelewa baadaye. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana chupa ya mama ikikaa dirishani mwezi wa saba asubuhi inakuwa nyeupe kama samli. Mimi niliyamwagia maji baridi yakiwa kichwani, yakagandia humo humo. Na sabuni ya mche ikikutana na maji ya kisima yenye chokaa na chumvi haitoi povu, inatoa utando unaong'ang'ania, ule ule unaouona pembeni mwa beseni la kufulia. Kwa hiyo nilikuwa na mafuta yaliyoganda, juu yake utando wa sabuni, na katikati mafuta ya nyonyo, ambayo hata yakiwa peke yake ni mazito kama asali.

Alichofanya kwanza ni kunizuia nisiongeze maji. Alizikamua nywele kwa fulana kuukuu mpaka zikaacha kudondosha, akazigawa mafungu manne, akabana matatu. Halafu akachukua kondishena, ile ya bei rahisi ya kopo kubwa, akaipaka kwa kujaza kiganja juu ya mafuta yale yale. Mimi nilishangaa. Nilijua kondishena ni ya mwisho, baada ya kuosha. Akasema ya mwisho itakuja, hii ni ya kuyavuta mafuta. Akalikanda kila fungu taratibu, kuanzia nchani kwenda juu, akaniacha nusu saa ninywe chai. Wakati huo akachemsha maji ya bomba tuliyokuwa tumeweka akiba ya kupikia, akayapoza mpaka joto la kumwogeshea mtoto mchanga.

Alipomimina kata la kwanza, maji yaliyoshuka kwenye beseni yalikuwa meupe kama tui la pili. Sijawahi kufurahia maji machafu namna ile. Kondishena ilikuwa imeyashika mafuta na sasa yanaondoka nayo, bila kusuguana wala kuvutana.

Shampuu alikwenda kuichukua kwake. Hakuimimina kichwani moja kwa moja. Aliiweka robo ya chupa ndogo ya soda, akajaza maji ya uvuguvugu, akatoboa kizibo kwa sindano, akawa ananyunyiza kwenye mistari ya ngozi tu, anasugua kwa nyama za vidole, si kwa kucha. Urefu wa nywele hakuugusa, aliacha povu litelemke lenyewe. Mara ya kwanza povu halikutokea kabisa nikataka kukata tamaa tena. Akaniambia la kwanza huwa halionekani, shampuu bado inagombana na mafuta. Mara ya pili lilijaa mpaka masikioni.

Palibaki ule utando wa sabuni. Vijiko viwili vya siki nyeupe kwenye lita moja ya maji, akamimina huku nimefumba macho, akahesabu dakika mbili, akasuuza. Hapo ndipo vidole vilipoanza kupita. Kondishena ya pili, chanuo lenye meno mapana, kuanzia nchani. Ilichukua saa moja na nusu nyingine, na kwenye beseni likabaki donge la nywele zilizokatika ukubwa wa ndimu. Harusini nilifika wakati watu wanakula pilau, nimepiga kilemba.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mambo, ila sijaacha mafuta. Ya nazi hasa yana faida kabla ya kuosha. Kuna majaribio yaliyochapishwa mwaka 2003 yakilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na yale yatokanayo na petroli, na ya nazi peke yake ndiyo yaliyopunguza protini inayopotea nywele zinapooshwa, kwa kuwa yanapenya ndani. Lakini yakishapenya, ya ziada yanakaa tu juu yanasubiri kuchafua foronya. Sasa natumia vijiko viwili vya chakula kichwa kizima. Nachovya chupa ndogo kwenye kikombe cha maji moto kwanza, napaka kuanzia katikati hadi nchani, nakaa saa moja, basi. Ya nyonyo nimeyaacha kwa nyusi. Wanaouza "mafuta ya kukuza nywele kwa wiki mbili" mitandaoni watanisamehe.

Na ngozi ya kichwa siipaki tena. Hili lilinigharimu zaidi kukubali kuliko mengine, maana sisi tumekua tukikaa kati ya magoti ya shangazi, anachana mstari, anapaka mafuta, anachana mwingine. Mimi nina mba. Nilikuwa nikiona unga mweupe naongeza mafuta, nikidhani ni ukavu, na kila nikiongeza kichwa kinazidi kuwasha. Daktari wa ngozi aliniambia fangasi wanaohusika na mba wanakula mafuta, kwa hiyo nilikuwa nawapelekea chakula kila Jumapili. Alinipa shampuu ya ketokonazoli, mara mbili kwa wiki kwa mwezi mmoja, niiache kichwani dakika tano kabla ya kusuuza. Kilichonisaidia ni hizo dakika tano, kwa sababu hapo awali nilishawahi kuitumia nikiimwaga papo hapo na kusema haifanyi kazi.

Baada ya kuosha nakausha kwa kukandamiza na fulana, taulo linakwaruza. Nywele zikiwa bado na unyevu napaka kondishena ya kuachia, kisha mafuta matone machache tu, ncha peke yake, nasuka mabutu manane nalala nayo. Asubuhi nafumua. Kujua kama mafuta yametoka vizuri nashika fungu lililokauka, nalibana kwa tishu. Ikibaki na doa la kung'aa, nilifanya haraka kwenye povu la kwanza.

Maji ya kisima bado ndiyo tuliyonayo. Ndoo moja ya maji ya bomba naitenga kwa ajili ya kichwa, na mvua zikianza naweka beseni chini ya bati.

Wiki iliyopita mama alipiga. Baada ya shikamoo na marahaba akauliza kama mafuta yameisha, kuna dereva anakuja Dar kesho. Nikamwambia ile chupa aliyonitumia mwezi wa tatu bado nusu.

Akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, umenyoa?"