Daftari la mapigano: miezi sita ya kujifunza historia ya vita

Mwezi wa kwanza

Nilianza na orodha. Niliandika mapigano arobaini mashuhuri, kila moja na mwaka wake, majemadari wake na upande ulioshinda: Marathon 490 KK, Hastings 1066, Austerlitz 1805, Stalingrad 1942 hadi 1943. Kufikia mwisho wa mwezi nilizitaja tarehe zote bila kutazama karatasi. Lakini mtu angeniuliza kwa nini Mfalme Harold alishindwa pale Hastings, nisingekuwa na jibu. Nilikuwa nimekariri matokeo ya mechi ambazo sijazitazama.

Kilichobaki na faida kutoka mwezi ule ni jambo la lugha. Kiswahili huita "vita" kila kitu, ugomvi wa miaka ishirini na makabiliano ya asubuhi moja. Hilo lilinivuruga kila nilipoandika, kwa hiyo nikajiwekea kanuni. Kwenye daftari hili vita ni mgogoro mzima, kampeni ni mwendo wa jeshi ndani ya vita hivyo, na pigano ni siku yenyewe ya kukutana. Vita vya pili kati ya Roma na Carthage, dola ya Afrika ya Kaskazini, vilianza 218 KK vikaisha 201 KK. Pigano la Cannae, lililomo ndani yake, lilikwisha siku moja. Tangu niliposhika tofauti hiyo, nimeacha kudhani kwamba aliyeshinda pigano ndiye aliyeshinda vita. Hannibal, jemadari wa Carthage, alishinda Cannae, na Carthage ikashindwa vita.

Mwezi wa pili: Cannae kwa vifungo

Niliiweka orodha pembeni nikachagua pigano moja. Nilichagua Cannae, 2 Agosti 216 KK, kusini mashariki mwa Italia, kando ya mto Aufidus ambao leo unaitwa Ofanto. Hatua zake ni chache, na waandishi wawili wa kale, Polybius na Livy, wamelieleza kwa kirefu.

Nilikusanya vifungo vya nguo, vyeupe vya Roma na vyeusi vya Carthage, kila kimoja kikisimama badala ya watu 1,000. Polybius anawapa Warumi askari wa miguu 80,000 na wapanda farasi zaidi ya 6,000. Hannibal anampa askari wa miguu 40,000 na wapanda farasi 10,000. Vifungo kumi vyeupe niliviacha kambini, maana Warumi waliacha watu 10,000 huko. Vingine nikavipanga mezani.

Mambo yalianza kunifungukia hapo. Hannibal aliweka Wagaul na Waiberia katikati, safu yao ikitokeza mbele kama tumbo la mwezi mchanga. Pembeni, kulia na kushoto, aliweka askari wake wa Libya. Nilipojaribu kuwapanga Warumi 70 mbele ya safu hiyo, hawakuenea, ikabidi niwarundike nyuma ya wenzao. Ndivyo walivyojipanga kweli: safu nene, upande wa mbele mwembamba, kwa nia ya kupasua katikati kwa uzito. Nikaanza kusukuma. Katikati ya Hannibal ikarudi nyuma, lile tumbo likageuka kuwa shimo, na Warumi wakalifuata. Walibya wakageuka ndani na kuwabana ubavuni. Hasdrubal naye, kamanda wa wapanda farasi wa Hannibal aliyekuwa amewavunja wapanda farasi wa Roma upande wa mto, alizunguka uwanja mzima, akawatimua wapanda farasi wa upande wa pili, kisha akaupiga mgongo wa jeshi la miguu.

Nilibaki na rundo la vifungo vyeupe, safu saba kwa kumi, vyeusi vikiwa vimelizunguka. Nikahesabu vilivyokuwa ukingoni: 30. Vilivyobaki, 40, havikugusa adui yeyote. Maana yake ni watu 40,000 wenye silaha mkononi wasioweza kuzitumia, wakisikia kelele zikisogea kutoka pande zote na wakingoja zamu yao. Niliviacha vifungo vile mezani hadi kesho yake, sikuwa na moyo wa kuvikusanya. Polybius anasema waliokufa ni kama 70,000. Livy anataja kama 48,000. Nimeandika zote mbili, na chini yake nimeandika nani alisema nini, kwa sababu tarakimu isiyo na mwenyewe haina kazi kwenye daftari.

Swali lililokuja mwishoni ndilo ambalo sasa naanza nalo kila mara: kwa nini walikuwa pale? Jibu la Cannae ni nafaka. Hannibal alikuwa ameiteka ngome ya Cannae, Warumi walikokuwa wameweka akiba yao ya chakula. Jeshi kubwa kiasi kile lililopoteza ghala lake haliwezi kukaa likitafakari.

Mwezi wa tatu: mstari wa Xerxes

Huu ulikuwa mwezi wa hesabu, nami niliupenda kuliko nilivyotarajia. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, anasema Xerxes, mfalme wa Waajemi, alivuka kuingia Ulaya mwaka 480 KK na askari wa miguu 1,700,000. Nilichukua penseli. Watu wanne kwa safu ni safu 425,000. Ukiipa kila safu mita mbili za barabara, unapata msafara wa kilomita 850. Kwa mwendo wa kilomita 20 kwa siku, mtu wa mwisho anaanza kutembea zaidi ya siku 40 baada ya wa kwanza. Kilo moja ya nafaka kwa kila mtu ni tani 1,700 kila siku, kabla hujamlisha farasi hata mmoja.

Wanahistoria wengi wa sasa wanashuka hadi kati ya laki moja na laki tatu. Hata hao ni umati wa kutisha mbele ya Wagiriki elfu chache waliouziba mlango wa Thermopylae, njia nyembamba ya kuingilia Ugiriki. Sikumwona Herodotus kuwa mwongo. Alikuwa anaeleza ukubwa wa hofu ya watu wake, na hofu haihesabiki kwa vichwa. Ila sasa kila ninapokutana na idadi ya jeshi, kwanza nailisha, kisha naipitisha barabarani.

Mwezi wa nne: kilima cha Waterloo

Hapa nilikosea, na kosa hilo limenifundisha kuliko yote niliyoyapatia.

Nilikuwa nimejifunza kusoma kontua, ile mistari ya ramani inayounganisha sehemu zenye kimo sawa: ikibanana, mteremko ni mkali, ikiachana, ardhi imelala. Nikachora uwanja wa Waterloo, 18 Juni 1815, kwa kufuata ramani ya kisasa. Kaskazini nikaweka mgongo wa Mont-Saint-Jean alikojipanga Wellington, jemadari wa Waingereza na washirika wao, katikati bonde jepesi, na kusini mwinuko wa Napoleon wa Ufaransa. Nikaweka mashamba mawili yenye kuta, Hougoumont na La Haye Sainte. Kisha, karibu kabisa na mstari wa Wellington, ramani ikanionyesha kilima kirefu cha duara safi, kontua zake zimebanana kama nyuzi za kamba. Nikakichora. Siku mbili nzima nilitafuta maelezo ya nani alikishika, nani alipandisha mizinga juu yake, kwa nini Wafaransa hawakukiwania. Sikupata neno.

Hakikuwepo. Ni Kilima cha Simba, ukumbusho uliojengwa baada ya vita na kukamilika 1826, kimo chake zaidi ya mita 40. Na si hilo tu. Udongo wake ulichotwa palepale uwanjani, kwenye ule mgongo wa Wellington. Kwa hiyo mchoro wangu ulikuwa na makosa mawili, kilima kisichokuwepo na mgongo uliopunguzwa. Na mgongo ule ndio uliokuwa moyo wa mpango wa Wellington. Askari wake wengi aliwaweka nyuma yake, upande ambao wapiga mizinga wa Ufaransa hawauoni. Ukiusawazisha mgongo, ujanja wake wote unapotea kwenye karatasi.

Nikarudi kwenye ukurasa wa Thermopylae kuangalia kama nimerudia kosa lilelile. Nilikuwa nimerudia. Siku ile njia ilibanwa kati ya mlima na bahari. Leo matope ya mto Spercheios yameisukuma bahari kilomita kadhaa, na penye mlango mwembamba pamekuwa tambarare. Mtu akiangalia picha ya sasa atashangaa kwa nini Waajemi hawakupita pembeni. Sasa juu ya kila ramani ninayochora naandika kwanza kilichobadilika tangu siku ile: pwani, mito, misitu, barabara, majengo.

Waterloo pia ilinifundisha kutazama mbingu. Mvua kubwa ilinyesha usiku wa kuamkia pigano. Tope huzuia magurudumu ya mizinga, na risasi ya mviringo iliyopaswa kudunda na kuendelea kuua huzama ardhini. Napoleon akasubiri, na mapigano yakaanza kama saa tano na nusu asubuhi. Kufikia saa kumi na nusu alasiri Waprusia wa Blücher, waliokuwa wakikanyaga tope lilelile kutoka Wavre, walikuwa wameanza kumpiga ubavuni kuelekea Plancenoit. Nimechora mishale hiyo miwili, wa kungoja na wa kutembea, kwenye karatasi moja.

Mwezi wa tano na wa sita: Adwa

Nilipofika Adwa, kaskazini mwa Ethiopia, 1 Machi 1896, nilikuwa na maswali yangu tayari: kwa nini pale, walikula nini, ardhi ilikuwaje, saa ngapi. Sijapata pigano linalojibu maswali hayo kama hili.

Chanzo chake ni maneno ya mkataba. Katika Mkataba wa Wuchale wa 1889, kifungu cha 17 kwa Kiamhari kilimruhusu Menelik II, mfalme wa Ethiopia, kuitumia Italia katika mambo yake ya nje. Kwa Kiitaliano kilimlazimisha. Vita vikatoka humo. Januari 1896 Waethiopia waliizingira ngome ya Mekelle, na sifa ya shauri la kuwakatia maji waliokuwamo hupewa Malkia Taytu. Kisha majeshi mawili yakakaa yakitazamana karibu na Adwa, yote yakiishiwa chakula. Menelik alikuwa na watu karibu laki moja wa kulisha. Jenerali Baratieri wa Italia alikuwa na watu 17,700 hivi, mizinga 56, chakula cha siku chache tu, na serikali ya Roma iliyomsukuma kwa simu za maandishi zisizo na staha. Kila siku iliyopita ilimuumiza kila mmoja wao. Baratieri ndiye aliyetangulia kutoka.

Usiku wa 29 Februari, kama saa tatu, brigedi zake nne zilianza kutembea milimani gizani: Albertone kushoto, Arimondi katikati, Dabormida kulia, Ellena nyuma kama akiba. Albertone aliambiwa akashike kilima cha Kidane Meret. Kwenye mchoro wa Baratieri jina hilo lilikuwa limewekwa kwenye kilima kingine, karibu zaidi. Waongoza njia walikijua Kidane Meret chenyewe, kilicho kilomita kadhaa mbele, nao wakampeleka huko. Kulipopambazuka, Albertone na askari wake, wengi wao wa Eritrea, walikuwa peke yao mbele ya jeshi la Menelik.

Nilitaka kujua kosa hilo ni rahisi kiasi gani. Nilichora upya vilima vile bila majina, nikampa dada yangu, nikamsomea maelekezo na kumwomba aoneshe Kidane Meret.

"Kaka, vyote vinafanana," akasema. Akaweka kidole kwenye kimoja. Sicho. Akajaribu tena, akakosa tena. Na sisi tulikuwa tumekaa, taa inawaka, hakuna aliyekuwa ametembea usiku kucha na bunduki begani.

Jambo moja lilinifurahisha nilipokuwa napanga ratiba ya siku ile. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia macheo, kwa hiyo sikulazimika kubadili chochote. Risasi za kwanza zililia kama saa kumi na mbili alfajiri. Ilikuwa Jumapili, tena sikukuu ya Mtakatifu George kwa kalenda yao. Brigedi ya Albertone ilivunjwa kwanza, kisha ya Arimondi. Dabormida, aliyetumwa kuziba pengo, aliingia bonde la Mariam Shavitu akapigana huko peke yake hadi alasiri. Arimondi na Dabormida waliuawa, Albertone akatekwa. Zaidi ya nusu ya jeshi la Baratieri waliuawa, walijeruhiwa au walitekwa. Oktoba mwaka huohuo, kwa Mkataba wa Addis Ababa, Italia ikaukubali uhuru wa Ethiopia.

Wengi husimulia Adwa kana kwamba ramani ndiyo iliyoshinda. Siafiki. Ramani mbovu iliwatenganisha Waitaliano, lakini waliolitumia pengo lile ni watu waliokuwa wamekusanyika kutoka pembe zote za Ethiopia, wakiwa na bunduki za kisasa na mizinga, chini ya viongozi kama Ras Makonnen na Ras Alula walioijua vita. Bila wao, pengo lingebaki nafasi tupu kati ya vilima viwili. Ndiyo maana kwenye mchoro wangu mishale ya Menelik nimeitia wino, na nimeanza nayo.

Hadi leo nimemaliza karatasi tatu: ya usiku wa kutembea, ya alfajiri na ya kuvunjika kwa Albertone. Ya nne iko mezani. Mstari wa Dabormida umefika mdomo wa bonde, na kati yake na Arimondi karatasi bado ni nyeupe. Jumapili nitaupima umbali huo kwa uzi, nikifuata mikunjo ya ardhi badala ya kunyoosha rula, nione msaada ungehitaji saa ngapi kufika.