Ua lilinichanganya, ganda likasema

Wiki tatu nzima gugu lile la maua ya njano lililoota kwenye ngano yangu nililiita haradali-mwitu. Kaka yangu alisema ni figili-mwitu, nami nikamcheka, maana figili niijuayo ni ya kutafuna, na hili nikiling'oa linakuja na mzizi mwembamba kama mkia wa panya.

Kwamba ni la jamii ya kabichi hatukubishania. Petali nne zimekaa msalaba, stameni, vile vijiti vya chavua, ni sita, nne ndefu na mbili fupi. Lakini hapo bado hujafika popote, kwa sababu magugu ya maua ya njano kwenye ngano ni mengi na yanafanana kama watoto wa tumbo moja. Programu ya simu ilinipa majina matatu kwa picha tatu za mche uleule. Niliifuta.

Nilianza kulegea nilipochukua lenzi. Petali zina njano iliyopauka, na ndani yake mishipa ya rangi ya zambarau nzito. Sepali, vile vijani vidogo chini ya petali, zimesimama wima zikilibana ua. Za haradali-mwitu hutanuka pembeni. (Rangi peke yake usiiamini: figili-mwitu hutoa hata maua meupe.)

Ubishi ulimalizwa na ganda. Limebanwa kati ya mbegu na mbegu kama shanga kwenye uzi, na mwisho lina mdomo mrefu usio na kitu ndani. Nikajaribu kulipasua kwa kucha, kama ninavyopasua kunde. Halikupasuka. Likakatika, tik, tik, vipande vitano, kila kimoja kimefungia mbegu yake. La haradali-mwitu lingefunguka pande mbili na kumwaga mbegu nyeusi za mviringo.

Vipande hivyo ndivyo vinavyonikera. Vinakaribia ukubwa wa punje ya ngano, vinapenya kwenye chekeche, na msimu unaofuata unavipanda kwa mkono wako mwenyewe. Kwa ujanja huo gugu hili la pande za Mediterania limefika mbali. Australia sasa kuna figili-mwitu zisizosikia tena dawa kadhaa za magugu.

Nikampelekea kaka vile vipande vitano ndani ya kasha la kiberiti, nikakiri. Akavigeuzageuza kiganjani, kisha akauliza taratibu:

“Na ile ngano uliyonipa nipande, uliichambua?”