Neno "lakini" katika msamaha wangu

"Mwanangu, hapo umeniomba msamaha, au umenieleza kwamba hukukosa?"

Swali hilo la shangazi lina siku nne sasa na bado limenikaa kooni. Wiki hii mdogo wangu kafunga ndoa na mimi nimehamishiwa idara nyingine kazini, na yote mawili yamepita kama mambo ya jirani. Nikizima taa namsikia shangazi. Wala hakuwa na hasira. Aliuliza kwa upole huku anakunja majoho ya kwaya, kama mtu anayetaka kujua kweli.

Nilichokuwa nimemwambia ni hiki, neno kwa neno: "Shangazi, samahani kama nilikukwaza siku ile, lakini muda ulikuwa umeisha."

Nimekiandika ili nikitazame vizuri. "Kama" inamtwika aliyeumia kazi ya kuthibitisha kwamba ameumia. "Nilikukwaza" inalihamisha kosa kutoka mdomoni mwangu hadi moyoni mwake, ionekane shida ni wepesi wake wa kukwazika. "Siku ile" inaficha tendo lenyewe, maana nilimkatisha akizungumza mbele ya kwaya nzima, na tendo hilo lina jina. Kisha inakuja "lakini", na yote yaliyotangulia yanafutika. La mwisho ndilo linalonitisha zaidi: muda kweli ulikuwa umeisha. Sikusema uongo. Kiburi hakihitaji uongo. Kinachukua ukweli mdogo na kujikinga nao.

Nimerudi kwenye 1 Samweli 15 nikiwa na swali la shangazi mkononi. Nabii Samweli anapomkabili Mfalme Sauli kuhusu Waamaleki, Sauli kwanza anasema ametimiza agizo la kuwaangamiza wao na mifugo yao. Kisha anasema ni watu walioacha kondoo na ng'ombe walio wazuri, tena kwa ajili ya dhabihu. Akibanwa zaidi, anakiri, ila anaongeza kwamba aliwaogopa watu. Mstari wa 30 anakiri tena, na papo hapo anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee na mbele ya Israeli. Toba imeletwa imeshika mkono wa heshima yake. Na huyu ndiye aliyejificha penye vyombo siku ya kuchaguliwa kwake! Samweli anamkumbusha hilo katika mstari wa 17, kwamba wakati mmoja alikuwa mdogo machoni pake mwenyewe. Unyenyekevu wa mwaka ule haukumtosha mwaka huu.

Daudi alifanya mabaya kuliko hayo: alimchukua mke wa Uria, kisha akapanga Uria auawe vitani. Lakini nabii Nathani alipomwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo," jibu lililoandikwa katika 2 Samweli 12:13 ni maneno matatu: "Nimemfanyia Bwana dhambi." Hakuna watu, hakuna vita, hakuna uchovu wa mfalme.

Basi msamaha usio na kiburi unaombwaje? Taja tendo kwa jina lake. Sema "nilikosa" bila kuambatanisha sababu. Sababu isubiri mpaka aliyekosewa aiulize mwenyewe. Omba, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kunakotushinda wengi, tunajaza kimya kwa maelezo, au tunalia mpaka aliyekosewa anageuka kutubembeleza sisi. Kipimo cha mahali ni kosa lenyewe: lililofanywa mbele ya watu ishirini likiriwe mbele ya hao ishirini, la siri liishie kwa mmoja. Kama kuna kitu kilichopotea, Hesabu 5:7 inataka mtu aungame, arudishe chote na aongeze sehemu ya tano, yaani aliyedhulumu 100 anarudisha 120, tena kwa yule aliyemdhulumu. Zakayo, yule mtoza ushuru, alipita hapo. Aliahidi kurudisha mara nne ya alichodhulumu, na mara nne ni kipimo cha mwizi wa kondoo katika Kutoka 22:1. Hakuna aliyemwita mwizi mle nyumbani siku ile, alijipima mwenyewe kwa kipimo cha mwizi.

Niseme pia, maana najua wapo wanaolemewa na hili: kunyenyekea si kukubali kosa usilolifanya. Yesu alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, alimwuliza yule mtumishi aonyeshe ubaya wa neno lake, na kama lilikuwa jema, kwa nini anampiga. Alisema kwa utulivu, na hakurudisha kofi.

Jana nilirudi. "Shangazi, Jumamosi nilikukatisha ukizungumza mbele ya kwaya. Nilikosa. Naomba unisamehe. Jumamosi hii nitalisema mbele yao." Kisha nikafunga mdomo, na kimya kile kilikuwa kirefu kuliko ibada.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hebu lete hilo joho, kifungo kinaning'inia."

"Hapana shangazi, usijisumbue, nitashona mwenyewe."

Akanitazama tu, na nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Petro yuleyule wa Yohana 13: "Wewe hutanitawadha miguu kamwe." Linasikika kama heshima kubwa, na Yesu anamjibu kwamba asipomtawadha, hana shirika naye. Kuna kiburi kinachokataa kuhudumiwa, kwa sababu anayehudumiwa hana la kujisifia. Nikavua joho nikampa. Tangu hapo nimekuwa mwepesi, nimeimba hata jikoni. Na ule waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, unaposema "jifungeni unyenyekevu", sasa namwona mtu aliyewahi kutazama kwa karibu kitambaa kikifungwa kiunoni mwa Bwana wake, huku miguu yake mwenyewe ikiwa mikononi mwa Bwana huyo.

Shangazi alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani. Baba ni mdogo kwake kwa miaka sita, na Jumapili alijikwaa kwenye benchi lililokuwa kushotoni kwake kama vile halipo. Babu alipofuka kwa presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona pembeni kwanza, bila maumivu, na hurithiwa katika ukoo. Nimemwambia Baba mara mbili twende akapimwe. Anasema benchi lilikuwa limesogezwa. Halikuwa limesogezwa.