Roboti inayozoea baraza la mama

Wiki ya tatu hii roboti yangu inazunguka barazani kwa mama, Tanga. Ina magurudumu manne, kompyuta ya Raspberry Pi na kamera moja niliyoifunga mbele kwa raba. Kazi yake ni kusimama ikiona kitu kigeni.

Mwanzoni nilikosea. Nilikusanya picha za ndoo, viatu, paka, nikataka kuifundisha kimoja kimoja. Lakini kitu kigeni utakipiga picha vipi kabla hakijaja? Kilichonifungua macho ni mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa kuiga ubongo, waliouchapisha Stephen Marsland, Jonathan Shapiro na Ulrich Nehmzow mwaka 2002, unaokua pale tu inapobidi. Roboti hujifunza yaliyo ya kawaida. Chochote isichokizoea ndicho kigeni.

Kipande cha picha hugeuzwa namba, zikalinganishwa na nodi zilizomo mtandaoni humo, yaani vituo vidogo ambavyo kila kimoja hukumbuka mfano wa kitu kilichokwisha kuonwa. Kikifanana na nodi fulani, nodi hiyo huzidi kuzoea na mshtuko wake hupungua. Kisipofanana na yoyote, huzaliwa nodi mpya yenye mshtuko kamili. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: ndoo nyekundu niliyoiweka kando ya mkeka iliisimamisha roboti mizunguko minne, wa tano ikapita zake.

Sichunguzi picha nzima. Hugo Vieira Neto na Nehmzow, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, waliipa roboti yao kwanza uwezo wa kuchagua sehemu zinazovuta jicho kwa rangi, mwanga na mwelekeo wa mistari, ndipo ilinganishe. Naupenda sana uamuzi huo, kwa sababu roboti haisemi tu kwamba kuna kigeni, inaonyesha na kilipo. Gharama yake niliiona kwa kandambili za kahawia juu ya sakafu ya kahawia. Hazikuvuta jicho, basi hazikulinganishwa na chochote.

Kilichonisumbua zaidi ni jua. Saa kumi alasiri vivuli vya nondo za dirisha hulala sakafuni, na roboti ikawa inasimama kwenye kila mstari.

"Mwanangu, hicho kigari mbona kinashangaa jua?"

"Mama, hakijawahi kutembea saa hizi."

Kweli, nilikuwa nimeifundisha asubuhi tu. Nikaizungusha alasiri tatu mfululizo, ikatulia.

Sasa kuna nguzo ya kona. Ina ufa mrefu tangu kabla ya roboti, na roboti huupita bila kusita, maana ulikuwepo siku ya kwanza ya mafunzo. Mama naye alikuwa hauoni tena, mpaka nilipomwonyesha kwenye picha za kamera. Fundi anakuja Jumamosi kupiga plasta. Mafunzo nimeyasimamisha hadi hapo, nione kama roboti itasimama mbele ya nguzo nzima.